Funduk na Bunduki

Mwaka 1982, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nilipelekwa kusomea kilimo katika Umoja wa Kisovieti. Kituo changu kilikuwa Krasnodar, mji wa kusini mwa Urusi ulio kando ya mto Kuban, si mbali sana na Bahari Nyeusi. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza lugha. Asubuhi tulikaa darasani tukigombana na sarufi ya Kirusi, na jioni mimi nilikwenda sokoni, kwa maana niligundua mapema kwamba mama mmoja muuza nyanya hufundisha lugha upesi kuliko kitabu. Nilikuwa nikinyoosha kidole na kuuliza, "Hii nini?" Wao walinijibu, wakacheka matamshi yangu, wakanisahihisha.

Siku moja ya mwezi wa Septemba nilisimama mbele ya bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Mbele yake palikuwa na gunia lililokunjwa mdomo, limejaa vitu vya mviringo, rangi ya kahawia, vyenye ganda gumu linalong'aa, ukubwa wa gololi. Nikanyoosha kidole. "Funduk, mwanangu," akasema, akanitilia punje tano kiganjani nionje.

Nakiri kwamba nilirudi nyuma hatua moja. Sikusikia "funduk". Nilisikia "bunduki".

Msomaji asinicheke. Mimi ni mtu wa Lindi, na nyumbani kwetu neno hilo halikuwa la mzaha. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa wakati wa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi na kwisha 1907. Mama yake alimbeba mgongoni akikimbia porini. Watu walikuwa wameambiwa kwamba maji ya dawa yatazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji, na wakaamini, risasi hazikugeuka. Kisha ikaja njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa, nayo njaa iliua wengi kuliko risasi. Bibi hakuyaona hayo kwa macho yake, lakini alilelewa na walioyaona. Mpaka nakua, hakuruhusu mtoto ashike fimbo na kujifanya analenga shabaha. "Hiyo ni bunduki," alikuwa akisema, "haichezewi hata ikiwa ya mti."

Kwa hiyo nilisimama pale sokoni na "bunduki" tano kiganjani. Bibi yule akadhani sijui kuzibangua. Akaichukua moja, akaipasua kwa meno, akanipa kiini. Kilikuwa kitamu, chenye mafuta kidogo. Kwetu sisi ni watu wa korosho, na mtu wa korosho hasifu njugu ya mwenzake upesi. Lakini ile niliisifu.

Nilipohamia bweni la wanafunzi wa chuo, nilipangwa chumba kimoja na kijana kutoka Gali, wilaya ya Abkhazia, upande wa pili wa milima ya Kaukasi. Abkhazia wakati huo ilikuwa sehemu ya Georgia, na yeye alikuwa Mgeorgia. Wazazi wake walikuwa na shamba la funduk nyuma ya nyumba, na kila mwaka alirudi kutoka likizo akiwa amejitwika gunia. Nilipomweleza kwamba katika lugha yetu jina la njugu zake ni silaha, alicheka mpaka akakaa kitandani. Tangu siku hiyo, kila aliporudi kwao alifungua mlango kwa mguu, akatua gunia sakafuni na kutangaza, "Ndugu, nimeleta silaha!" Tuliikaa meza, tukazibangua kwa bawaba ya mlango, maana huko kila mlango ni kibanguo, na maganda yakatapakaa chumba kizima. Mzaha huo ulidumu miaka mitano. Haukutuchosha.

Ni yeye aliyenichochea kutafuta. "Haiwezekani maneno mawili yafanane hivyo bure," alisema. Mimi nilikuwa na shaka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata fundisho. Mwanafunzi mmoja kutoka nchi ya Kiarabu alikuwa ameniambia kwamba kwao funduk ni hoteli. Nikaona basi, sauti ni sauti tu. Hata fundi wetu wa Kiswahili angeweza kujidai ana ukoo na njugu. Kufanana si undugu. Ukitaka kujua undugu wa maneno, sharti ufuate njia iliyopitwa, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo.

Katika maktaba ya chuo palikuwa na kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kirusi, juzuu nne, kazi ya Max Vasmer. Huyu alizaliwa St. Petersburg mwaka 1886, akafanya kazi Ujerumani. Mwaka 1944 mabomu yaliyoangushwa Berlin yaliteketeza vikaratasi vyote alivyokuwa amevikusanya kwa ajili ya kamusi hiyo. Mzee akaanza upya. Kamusi ikatoka kwa Kijerumani katika miaka ya hamsini, kisha ikafasiriwa kwa Kirusi na kuchapishwa kuanzia 1964 hadi 1973. Nilifungua juzuu ya nne, nikalitafuta neno langu. Maelezo yalikuwa mafupi. Funduk limeingia katika Kirusi kutoka Kituruki, nao Waturuki husema fındık; na asili yake ya mbali ni maneno ya Kigiriki pontikon karyon, yaani njugu ya Ponto.

Ponto ni nini? Kwa Wagiriki wa kale pontos ni bahari. Bahari Nyeusi waliiita kwa neno hilo, na nchi iliyokuwa pwani yake ya kusini, ambako leo ni Uturuki, ikaitwa Ponto. Huko ndiko njugu hii ilikostawi. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, ameandika kwamba njugu hizi zilifika Asia na Ugiriki kutoka Ponto, na ndiyo sababu zikaitwa za Ponto. Na mpaka leo mambo hayajabadilika sana: sehemu kubwa ya mavuno ya dunia hutoka Uturuki, na hasa katika pwani ile ile, kwenye miji kama Ordu, Giresun na Trabzon. Jina limezunguka dunia, mti umebaki kwao.

Warusi walikuwa na neno lao la zamani kwa mti huu unapoota wenyewe msituni. Huuita leshchina, na jamaa zao wa Kislavi wana maneno ya ukoo huo huo. Kwa njugu za aina zote wanalo neno orekh. Lakini ile iliyolimwa bustanini, kubwa na nono, waliipokea kutoka kusini, na jina lake wakalipokea pamoja nayo. Ndivyo ilivyo desturi ya lugha: kitu cha porini nakiita kwa neno la mama yangu, kitu cha gulioni nakiita kwa neno la aliyeniuzia. Njugu nyingine kubwa, yenye kiini kilichokunjamana kama ubongo, Warusi huiita gretskiy orekh, yaani njugu ya Kigiriki.

Hapo ndipo kamusi ya Kirusi iliponiachia. Nusu ya pili ya njia, ile ya kufika kwetu, nilikuja kuipata baadaye, kidogo kidogo, katika vitabu vingine.

Jina la Kigiriki halikwenda kaskazini tu. Lilikwenda pia mashariki na kusini, likapita kwa Waajemi, likafika kwa Waarabu. Waarabu hawana herufi p katika lugha yao, basi Ponto ikawa bundu, na njugu ikawa bunduq. Mpaka hapo bado ni chakula. Lakini Waarabu na Waajemi walikuwa na upinde wa aina ya pekee, usiorusha mshale bali kidonge cha udongo uliokaushwa, nao waliutumia kuwinda ndege. Kidonge kile kilikuwa cha mviringo, kigumu, rangi ya kahawia, na ukubwa wake ulikuwa kama wa njugu ile. Wakakiita bunduq.

Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu chini, kwa maana kidonge hicho nakijua. Nimekifinyanga kwa mikono yangu. Mtoto gani wa kwetu hajachukua udongo wa kichuguu, akauloweka, akaviringisha vidonge, akavianika juu ya bati mpaka vikakauka, kisha akavitia mfukoni na kwenda kuwinda njiwa kwa manati? Bibi alikataza bunduki ya mti, lakini manati hakuyakataza, maana yalileta kitoweo. Kumbe mfukoni nilikuwa na bunduki siku zote, na yeye mwenyewe alizianua mvua ilipotaka kunyesha.

Upinde huo ulikuwa na heshima kubwa. Khalifa an-Nasir wa Baghdad, aliyetawala kuanzia 1180 hadi 1225, aliufanya kuwa mchezo wa waungwana wenye kanuni zake. Huko Misri afisa aliyebeba upinde wa mfalme aliitwa bunduqdar. Mmoja wa maafisa hao alinunua mtumwa kijana aliyetekwa katika nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi wakati Wamongolia walipozivamia. Mtumwa huyo alichukua jina la bwana wake, akaitwa Baybars al-Bunduqdari. Ndiye aliyekuwa miongoni mwa majemadari waliowashinda Wamongolia Ain Jalut mwaka 1260, na mwaka huo huo akawa sultani wa Misri, akatawala mpaka alipofariki 1277. Hebu tazama: kijana ametoka kando ya bahari ile ile iliyoipa njugu jina, akauzwa, akafika Misri, akakuta jina la njugu linamngoja.

Kisha ikaja baruti. Chombo kipya kilirusha kidonge cha risasi, cha mviringo kama kile cha udongo, ila hakikuua njiwa peke yake. Waarabu hawakuhangaika kutafuta jina jipya: kinachorusha bunduq kikaitwa bunduqiyya. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na mji wa Venice, kwa kuwa Waarabu huuita al-Bunduqiyya, na wafanyabiashara wa Venice waliuza silaha. Hadithi hiyo inapendeza. Hata hivyo mimi naona kidonge cha udongo kina haki zaidi, kwa sababu bunduq lilikuwa neno la kurusha na kulenga karne kadhaa kabla ya baruti kufika.

Na bunduqiyya ikasafiri. Wahindi wakasema banduk, Wahausa bindiga, na sisi wa pwani hii bunduki. Ilikuja na nduguze, kwani baruti na risasi nayo ni maneno ya Kiarabu. Karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Kilwa na Bagamoyo ilikwenda bara na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo.

Hapa ndipo jambo hili linaponichoma. Waarabu hao hao walituletea majina ya vyakula: lozi ni neno lao, na sukari, na bilauri ya kunywea sharubati. Lakini njugu ya Ponto haikuja. Haioti kwetu, inataka baridi, haikuwa na sababu ya kupakiwa jahazini. Kilichopakiwa ni kile chombo kilichoitwa kwa jina lake. Mrusi aliletewa njugu na jina lake. Sisi tuliletewa jina bila njugu. Neno lile ambalo mdomoni mwa mama yule wa sokoni lilikuwa na utamu, mdomoni mwa bibi yangu lilikuwa na moshi. Wala si kosa la neno. Neno ni punda, hubeba alichotwishwa.

Wala tusiwalaumu Waarabu kana kwamba wao peke yao waliichukua bustani wakaifanya ghala la silaha. Binadamu wote ndivyo walivyo. Warusi komamanga wanaliita granat, na bomu la kurushwa kwa mkono wanaliita granata, na bomu lao moja mashuhuri askari hulitania kwa jina la limau. Mwaka 1323 watu wa Novgorod walijenga ngome katika kisiwa kilichoitwa cha njugu, pale mto Neva unapotoka ziwa Ladoga, nao wakaiita Oreshek, yaani kijinjugu. Peter Mkuu alipoiteka kutoka kwa Waswidi mwaka 1702, alifanya mzaha kwamba njugu ilikuwa ngumu lakini ameibangua. Na sisi je? Chombo tulichochonga katika gogo ili nyuki watutengenezee asali tunakiita mzinga, na mzinga ndilo jina tulilolipa bomba la kurushia makombora. Hatukuazima kwa mtu. Tulitazama gogo lenye uwazi ndani yake, tukaona kifo kinaweza kukaa pale palipokaa asali.

Nilimaliza masomo na kurudi nyumbani mwaka 1988. Rafiki yangu naye alirudi Gali, akaoa, akachukua shamba la baba yake. Tuliandikiana barua. Ya mwisho niliipata mapema mwaka 1992, ikiwa na stempu za Umoja wa Kisovieti, ambao ulikuwa umekwisha kuvunjika Desemba ya mwaka uliotangulia. Aliandika kwamba mambo si mazuri, lakini miti imetoa maua vizuri, kwa kuwa mti ule huchanua wakati wa baridi, kabla ya majani. Mwishoni akaongeza mzaha wetu: "Vuli hii njoo, nitakupa silaha kadiri utakavyo."

Vita vya Abkhazia vilianza tarehe 14 Agosti 1992. Ni mwezi ambao njugu zinaanza kuanguka. Nilisikia habari redioni, jioni, nikiwa barazani. Mtangazaji alizitaja bunduki kwa Kiswahili safi, na mimi nikaliona gunia likitua sakafuni. Vita vilichukua mwaka mmoja na zaidi. Tarehe 27 Septemba 1993 mji wa Sukhumi ulianguka, na katika siku chache vita vikakoma. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamekufa kwa maelfu, Waabkhazia na Wageorgia, majirani waliokuwa wakialikana katika harusi. Zaidi ya watu laki mbili, wengi wao Wageorgia, walikimbia makwao, na wilaya ya Gali ilikuwa yao. Waliondoka tena wakati wa kuokota njugu.

Niliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Miaka imepita, nimekuwa mzee, na bado sijui kama aliwahi kuliona shamba lake tena, au alibeba nini siku ile ya kukimbia. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa ule mzaha, kana kwamba sisi wawili, kwa kuita njugu silaha kila vuli, tuliita jambo likaja. Najua ni upuuzi. Mimi ni mtu niliyesoma sayansi. Lakini sasa namwelewa bibi yangu zaidi ya nilivyomwelewa zamani. Hakuogopa kwamba fimbo italipuka. Aliogopa mkono uzoee.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba, aliletewa zawadi ya chokoleti kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na njugu nzima nzima. Nilipoitia moja mdomoni niliitambua kabla ya kuitafuna. Mtoto akaniuliza, "Babu, hii kwa Kiswahili inaitwaje?"

Nilinyamaza kitambo. Jibu lilikuwapo, tena moja tu kwa haki ya ukoo: katika lugha yetu jina la njugu hii limekuwapo kwa karne nyingi, na kila mtoto analijua. Lakini sikuweza kulitamka. Nilikumbuka kwamba kabla ya kuwa bunduki lilikuwa kidonge cha udongo, na kabla ya kidonge lilikuwa njugu, na kabla ya njugu lilikuwa neno la Kigiriki la bahari tu. Nikarudi hadi huko mwanzo, mahali ambapo halijamdhuru mtu.

"Inaitwa njugu ya bahari," nikamwambia.

"Inaota baharini?"

"Hapana, mjukuu wangu. Inaota pwani ya bahari moja ya mbali. Nilikuwa na rafiki huko, kwao walikuwa nazo nyingi."

Akaniomba nimsimulie habari za rafiki huyo. Nikamsimulia juu ya gunia, na bawaba ya mlango, na maganda yaliyotapakaa chumbani. Mengine nimeyaandika hapa, ayasome akikua.